Pesa Zimeibwa, Lakini Nani Ameibiwa? Uhakiki wa Filamu ya Good People

Katika jarida hili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani, hasa zile zinazotahiniwa shuleni. Safari hii tumechagua filamu, tena filamu ya Kiingereza, tena filamu ambayo haikutupendeza. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini tupoteze kurasa zetu juu ya kazi dhaifu. Jibu letu ni kwamba kazi nzuri humwonyesha mwanafunzi jengo likiwa limesimama, lakini kazi iliyokosea humwonyesha ni nguzo ipi ikikosekana jengo huanguka. Kwa mwalimu wa fasihi somo hilo la pili lina faida yake.

Filamu yenyewe inaitwa Good People, yaani "Watu Wema". Ilitolewa mwaka 2014, ikaongozwa na Henrik Ruben Genz kutoka Denmark. Imetokana na riwaya ya Mmarekani Marcus Sakey iliyochapishwa mwaka 2008. Tuliitazama mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Jinja, katika kibanda cha video, jioni moja tulipokuwa tumekwenda kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha. Mara ya pili ilikuwa Mbale, darasani, pamoja na wanafunzi wenyewe. Huko Mbale, taa zilipowashwa, mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma aliuliza: "Mwalimu, kwani zile pesa zilikuwa za nani?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu swali hilo ndilo lililokuwa likitusumbua tangu Jinja, na filamu nzima haikulijibu.

Muhtasari wa hadithi

Tom na Anna Wright ni mume na mke, Wamarekani wanaoishi London. Wameelemewa na madeni. Tom anaikarabati nyumba ya urithi, na ukarabati huo unameza kila senti. Wanatamani mtoto na hawajampata. Chini ya makazi yao wamempangisha kijana mmoja. Siku moja kijana huyo anakutwa amekufa, na katika kukagua chumba chake wanagundua mfuko wa noti uliofichwa darini, zaidi ya pauni laki mbili. Wanaamua kusubiri kwanza waone kama kuna atakayezitafuta. Kisha, kidogo kidogo, wanaanza kuzitumia: deni linalipwa, matibabu ya uzazi yanalipiwa.

Mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba fedha hizo ziliporwa kutoka kwa wauza dawa za kulevya, na kwamba yule mpangaji aliwageuka wenzake na kutoroka nazo. Kwa hiyo wanaozitafuta ni wawili: Jack Witkowski, mwizi aliyegeukwa, na Khan, bwana wa dawa za kulevya. Yupo pia Inspekta Halden, askari mzee ambaye binti yake alikufa kwa dawa hizo hizo. Wote hawa wanakutana mwishoni katika ile nyumba isiyokwisha kujengwa, ambako misumari, mbao na mashimo ya sakafu yanageuka kuwa mitego na silaha. Damu inamwagika, filamu inakwisha.

Ukiisimulia hivyo, hadithi inavutia. Ina mfuko wa fedha uliopita mkononi mwa muuza dawa, ukapita kwa mwizi, ukapita kwa msaliti, ukafika kwa watu wa kawaida wenye njaa ya maisha mema. Waigizaji nao si wachanga: James Franco, Kate Hudson, Tom Wilkinson na Omar Sy. Mbona basi tulitoka kibandani tukiwa baridi?

Kuibwa na kuibiwa

Turudi darasani kwanza. Kila mwalimu wa Kiswahili katika mashariki ya Uganda amewahi kusahihisha sentensi kama hii: "Mimi nimeibwa pesa zangu jana sokoni." Tunamwambia mwanafunzi kwamba aliyeibwa ni yule aliyetiwa guniani akachukuliwa. Pesa ndizo zimeibwa, wewe umeibiwa. Kitenzi ni kimoja, mzizi ni mmoja, lakini ile irabu ya kauli ya kutendea inamleta mtu mwingine jukwaani. Katika "ibwa" tunaona kitu kilichochukuliwa. Katika "ibiwa" tunamwona binadamu aliyesimama mikono mitupu.

Good People imeandikwa yote kwa "ibwa". Pesa zimeibwa, zimefichwa, zimeokotwa, zimetumiwa, zimedaiwa. Hatumwoni aliyeibiwa. Khan ni muuza sumu, kwa hiyo hatumsikitikii. Jack ni mwuaji, naye hatumsikitikii. Fedha zimefanywa ziwe za watu wabaya makusudi, ili Tom na Anna wazitumie bila sisi kuwachukia. Hiyo ni hila inayojulikana katika hadithi za aina hii: mwandishi anapoogopa kuwachafua mashujaa wake, huwapa mali isiyo na mwenyewe. Lakini mali isiyo na mwenyewe haina uzito. Mtu akiitumia, hamkosei yeyote. Akiinyimwa, hapotezi chochote kilichokuwa chake. Kinachobaki ni hofu ya kukamatwa na wabaya, na hofu ya namna hiyo haidumu zaidi ya nusu saa.

Jambo la kushangaza ni kwamba aliyeibiwa yumo ndani ya filamu, ila filamu haimtambui. Fedha zile zimekamuliwa kutoka kwa watu walionunua sumu ya Khan, na mmoja wao ni binti wa Inspekta Halden. Baba yake ndiye mtu pekee mwenye haki ya kuutazama mfuko ule na kusema, "Hiki ndicho walichomlipishia mwanangu." Wilkinson ni mwigizaji mzito, na uso wake ungeweza kuyabeba maneno hayo. Badala yake uchungu wake umetumiwa kama kibali cha kumfukuza Khan. Haugusani kamwe na noti ambazo Anna anazihesabu. Laiti siku moja Halden angekaa mezani kwa Tom na Anna akajua fedha zilipo, nao wakajua binti yake alikufaje, tungekuwa na filamu.

Wanaookota

Mtu anaweza kutupinga akisema si lazima mwenye mali aonekane. Ni kweli. Iko hadithi ya kale, ambayo imesimuliwa kwa namna nyingi toka Bara Hindi hadi Ulaya, na ambayo Mwingereza Chaucer aliitunga upya katika karne ya 14. Marafiki watatu wanaokota dhahabu. Mmoja anatumwa mjini kununua kinywaji. Wawili waliobaki wanapanga kumwua arudipo, naye huko mjini anatia sumu kinywaji chao. Mwishowe dhahabu inabaki peke yake. Mwenyewe hatajwi, na hadithi haijapungukiwa kitu. Inasimama kwa sababu tunawaona wenye kuokota wakibadilika. Asubuhi ni ndugu walioapishana, jioni ni wauaji.

Filamu ya A Simple Plan ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Sam Raimi kutokana na riwaya ya Scott Smith, inafuata njia hiyo. Hank, mdogo wa mshahara na msafi wa jina, anaokota dola zaidi ya milioni nne katika ndege iliyoanguka thelujini, akiwa na kaka yake Jacob na rafiki yao Lou. Mke wa Hank anaanza kwa kusema kwamba yeye asingezichukua. Zikishamwagwa mezani, yeye ndiye anayepanga mbinu. Kila hatua wanayopiga inaonekana ya busara, na kila hatua inadai roho ya mtu, hadi ndugu anamwua ndugu yake. Mwishowe Hank anazichoma moto fedha zote baada ya kujua kwamba namba za baadhi ya noti zimeandikwa na polisi. Mtazamaji anabaki akijiuliza kama yeye mwenyewe angesimama wapi.

Tom na Anna hawabadiliki. Wanapozikuta pesa ni watu wema wenye madeni. Zinapokwisha kuwaletea balaa ni watu wema wenye majeraha. Hawagombani kwa sababu ya fedha hata mara moja kwa namna inayoacha kovu. Hawamwongopei mtu ambaye uongo huo unamwumiza. Jina la filamu lilipaswa kuwa swali, yaani wema huu una bei gani, lakini watengenezaji wamelichukua kama cheti walichokwisha kuwapa wahusika wao kabla ya mtihani.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Hadithi ya fedha zilizoibwa inaweza kusimama kwa mguu wa aliyeibiwa, au kwa mguu wa aliyeokota. Ikiwa na miguu yote miwili itatembea mbali. Good People imeikata yote miwili, kisha ikajaribu kukimbia kwa misumari na bunduki.

Tuwe waadilifu lakini. Dakika za mwanzo, zinazoonyesha mume na mke wakifichana bili na barua za madeni, ni nzuri. Nyumba isiyokwisha imetumiwa vizuri kama ishara ya ndoa yao, na wazo la kuwafanya wajenzi wajitetee kwa vifaa vya ujenzi lina akili. Lakini ishara haiwezi kuchukua nafasi ya mhusika.

Riwaya pendwa zetu

Wanafunzi wetu wanaojaribu kuandika hadithi za upelelezi hutazama filamu kama hizi, kisha hutuletea London iliyobatizwa jina la Jinja. Tunawashauri waanzie karibu. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina umri wa kutosha. Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Bwana Msa wake hutumia zaidi akili na kiko kuliko bastola. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Baadaye wakaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake, na Ben Mtobwa na Joram Kiango. Wahakiki wa miaka ile waliziita riwaya hizi pendwa kwa sauti ya kudharau kidogo, na ni kweli kwamba Musiba na Mtobwa wamekopa mengi kutoka kwa majasusi wa Ulaya na Marekani. Hata hivyo mambo ya Bwana Msa huwa yamefungamana na ukoo na urithi, yaani na swali lile lile la mwanafunzi wetu: mali hii ni ya nani? Naye Mtobwa alipoita riwaya yake Pesa Zako Zinanuka, alikuwa tayari ameuliza kwenye jalada jambo ambalo Good People haikuthubutu kuliuliza kwa dakika tisini.

Pesa za Jinja, pesa za Mbale

Tulipokuwa njiani kutoka Jinja kwenda Mbale, kwa barabara ya Iganga na Tirinyi, tulijadiliana: kama hadithi hii ingetokea huku, mfuko ungekuwa na pesa gani? Jibu halikuchelewa. Msimu wa kahawa ukifika, wanunuzi hupanda milima ya Bugisu wakiwa na fedha taslimu, kwa kuwa mkulima wa Bududa au Sironko anataka kuiona noti kabla ya kuachia kahawa yake. Mfuko mmoja wa namna hiyo ukipotea, waliopotewa ni wengi na wana majina: kuna karo ya mtoto, kuna mabati, kuna mkopo wa chama, kuna sherehe ya imbalu ambayo familia imeiahidi mwaka huu. Anayeuokota mfuko atakutana na wenyewe sokoni kesho asubuhi. Haitaji Khan wa kumtisha. Macho ya jirani yanamtosha.

Historia nayo imetuandalia misuko. Brazil ilipopigwa na baridi kali mwaka 1975 bei ya kahawa duniani ilipanda sana, na kahawa ya Uganda ikavushwa kwa magendo hadi soko la Chepkube upande wa Kenya, chini ya Mlima Elgon. Watu walitajirika na watu walikufa. Nani aliibiwa hapo, serikali au mkulima aliyekuwa akilipwa kidogo na serikali hiyo? Swali hilo peke yake ni riwaya. Mwezi Mei 1987 Uganda ilibadilisha sarafu yake: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo serikali ikakata asilimia 30. Hebu mfikirie mtu aliyekuwa ameficha fedha za wizi chini ya kitanda Walukuba au Namatala. Akizitoa ataulizwa, asipozitoa zitakuwa karatasi. Kenya nayo ilizifuta noti zake za zamani za shilingi 1,000 mwaka 2019, na mwisho wa kuzibadilisha ulikuwa Septemba 30. Mwandishi anayetaka taharuki haihitaji bastola hapo, kalenda inamtosha.

Na leo, tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza Kenya mwaka 2007 na Uganda mwaka 2009, pesa nyingi zinapita bila mfuko. Mtu hutumiwa fedha kwa makosa, simu inalia, na sauti ya mama asiyemjua inamwomba azirudishe. Hapo hakuna maiti wala darini. Kuna aliyeibiwa au anayekaribia kuibiwa, na kuna kidole juu ya kitufe. Tumewapa wanafunzi wa Mbale kazi ya kuandika tukio hilo kwa kurasa mbili, na kadhaa wamefaulu kutufanya tusitulie kitini.

Lugha ya mwizi

Limebaki jambo la kibandani Jinja. Wasomaji wetu wa nje ya Uganda wajue kwamba katika vibanda vyetu filamu ya kigeni haiachwi peke yake. Yupo mtangazaji, ambaye watu humwita viijei, anayefasiri na kusimulia kwa Luganda juu ya sauti za waigizaji. Wazuri wao ni wasanii kweli: hueleza, hutania, humsuta mhusika mjinga. Yule tuliyemsikia alimwokoa Tom mara kadhaa kwa mzaha. Lakini Jack alipomshika Anna na kudai mfuko, viijei aliiacha Luganda ghafla akanguruma kwa Kiswahili: "Lete pesa! Lala chini!" Kibanda kizima kikacheka. Kila mtu alielewa kwamba sasa anasema mwizi.

Tunajua kicheko hicho kimetoka wapi. Kiswahili kilienea Uganda kupitia jeshi la kikoloni. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kutoka kwake hakikupata marafiki. Katika miaka ya 1980 raia walikamatwa kwa makundi katika misako iliyojulikana kwa jina la Kiswahili, "panda gari". Waporaji wa usiku nao walitumia amri za Kiswahili. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini sheria haimfuati mtu hadi kibandani. Mwanafunzi wetu anayekwenda kufundisha Jinja anakutana na mzazi ambaye Kiswahili alichokijua maishani ni cha kuamriwa alale chini.

Hatuwezi kumjibu mzazi huyo kwa kumwambia kwamba amekosea. Aliibiwa kweli, na mwizi alisema Kiswahili kweli. Tunachoweza ni kumwonyesha mtoto wake kwamba lugha hii haikuishia kwenye "lete". Ina neno la kumtaja baba yake pia, tena kwa irabu moja tu: ameibiwa. Methali yetu inasema siku za mwizi ni arobaini, na filamu za upelelezi zote hupenda kuzihesabu siku hizo. Za aliyeibiwa hakuna anayezihesabu, nazo huenda zikapita arobaini. Hadithi ya Kiswahili itakayoandikwa Jinja au Mbale, na kumpa huyo nafasi ya kusema, itafanya kazi ambayo katiba haiwezi.

Kwa walimu

Filamu hii basi tunaipendekeza kwa matumizi ya darasani, ingawa si kwa starehe. Mwalimu anaweza kuonyesha nusu saa ya kwanza tu, kisha awaombe wanafunzi wataje kila mkono ambao pesa zimepitia, kwa kutumia iba, ibia, ibwa, ibiwa, ficha, fichua, okota na pokezana. Halafu waandike mwisho wao wenyewe kwa sharti moja: Inspekta Halden lazima aketi mezani na wenye nyumba, na mfuko uwe juu ya meza. Tulipofanya hivyo Mbale, yule aliyeuliza swali aliandika kwamba Anna anaanza kuzihesabu noti kwa sauti, na mzee anamwomba aache. Aliishia hapo. Tulimpa alama nzuri, tukasahihisha "nimeibwa" moja iliyokuwa imebaki katika mstari wa tatu.

Walimu watakaojaribu zoezi hili tunawaomba watuletee kazi za wanafunzi wao, ili zile bora tuzitoe katika toleo lijalo.